Jina la fundi husomwa mwisho: kuzitambua zumari za mfuko za kale za Uskoti

Anayeuza zumari ya mfuko ya zamani huanza na jina. Atakuambia ni Henderson, au Lawrie, au Glen, au MacDougall, kisha atataja mwaka, kisha bei, na kwa kawaida bei hiyo imepandishwa na jina kuliko kitu kingine chochote. Mimi ninayekarabati vyombo vya mbao vya kupuliza hapa Glasgow huanzia upande wa pili: kwanza mbao, kisha ukerezaji, kisha pembe na fedha, kisha tundu la ndani, na jina lililogongwa juu yake nalitazama baadaye, nikishajua nimeshika nini. Si kwamba nawadharau mafundi wa kale. Ni kwamba jina hugongwa zaidi kwenye chanta, lile bomba la kupigia wimbo, na chanta ndiyo sehemu inayobadilishwa mapema kuliko sehemu nyingine zote za chombo hiki.

Kwa msomaji ambaye zumari hii ameiona kwenye gwaride tu, inafaa nieleze viungo vyake. Zumari ya mfuko ya Nyanda za Juu za Uskoti ina mfuko unaokaa chini ya kwapa, bomba la kupulizia, chanta, yaani bomba lenye matundu ya vidole ambalo ndilo linalotoa wimbo, na mabomba matatu ya mvumo yanayoegemea bega: mawili ya sauti ya kati na moja refu la besi. Mabomba ya mvumo hayana matundu ya vidole; kila moja hushikilia sauti yake ileile tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kila bomba huchomekwa katika soketi ya mbao iliyofungwa kwenye mfuko. Bomba la mvumo la kati lina vipande viwili vinavyoingiliana, na la besi lina vitatu, ili mpigaji aweze kuvuta au kusukuma kipande cha juu na kuzipatanisha sauti. Ukihesabu soketi zote tano, unapata vipande 14 vya mbao, na kila kimoja chaweza kupotea, kupasuka au kubadilishwa peke yake katika maisha ya miaka mia. Kwa hiyo swali la kwamba zumari hii ni ya nani mara nyingi ni maswali 14.

Majina yenyewe yanastahili kujulikana, kwa sababu yanatokana na karakana za kweli. Edinburgh, mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwepo Donald MacDonald, na baada yake ukoo wa Glen ukatawala biashara ya mji huo kwa muda mrefu. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganyikiwa. Ndugu wawili, Thomas na Alexander Glen, kila mmoja alikuwa na biashara yake. Wana wa Thomas, John na Robert, wakaendeleza ya baba yao kwa jina la J. & R. Glen, naye David, mwana wa Alexander, akafanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Mtu anayesema tu kwamba zumari yake ni Glen bado hajasema kitu. Duncan MacDougall alianzia Edinburgh, akahamia Aberfeldy katika miaka ya 1870, na mwanawe Gavin akashika kazi baada yake. Zumari zao ni chache na zinatafutwa sana. Glasgow ilikuwa na Donald MacPhee, kisha Peter Henderson, kisha R. G. Lawrie aliyefungua karakana mwaka 1881. Karakana ya Henderson iliendelea kwa miongo mingi baada ya Peter mwenyewe kufariki, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilisimamiwa na John MacDougall Gillies, mmoja wa wapigaji waliosifika zaidi wa wakati wake. Kusimamiwa na mpigaji wa kiwango hicho, kwa maoni yangu, kunaeleza mengi juu ya ubora wa vyombo vilivyotoka hapo. Leith alikuwepo William Sinclair, na London alikuwepo Henry Starck, kwa kuwa majeshi na wapenzi wa zumari hawakuwa Uskoti peke yake.

Karakana hizi hazikuishi kila moja peke yake. Kijana alijifunza kazi kwa fundi mmoja, akaajiriwa na wa pili, akafungua yake mwenyewe, na mikono yake ikaendelea kukereza vilevile. Tena karakana kubwa ziliuza vyombo vilivyokamilika kwa maduka ya muziki, nayo maduka yakagonga majina yao wenyewe. Ndiyo maana kuna zumari nzuri zenye jina la duka ambalo halikuwahi kuwa na kerezo, na kuna zumari za Henderson na za Lawrie za kipindi kimoja ambazo hata wajuzi waliozishika maisha yao yote hubishana juu yake.

Chanta nayo ina historia yake. Katika karne ya 19 sauti ya msingi ya chanta ilikuwa karibu na ile ya vyombo vingine vya muziki, nayo imekuwa ikipanda pole pole. Leo bendi za mashindano hupiga kwenye mitetemo karibu 480 kwa sekunde, juu zaidi ya 440 ya piano. Chanta ya mwaka 1900 haiwezi kupigwa pamoja na bendi ya leo. Mwenye nayo huiweka kabatini na kununua mpya, na miaka arobaini baadaye warithi huikuta chanta fulani ndani ya sanduku, wakaiunganisha na mabomba yaliyomo, na jina lililo kwenye chanta likawa jina la chombo kizima.

Zumari nitakayoitolea mfano ililetwa na mzee mmoja wa Muscat aliyezaliwa Unguja, mstaafu wa bendi ya kijeshi. Msomaji asishangae, bendi za Oman hupiga zumari za mfuko kwa ustadi mkubwa, hata wakiwa juu ya farasi na ngamia. Aliinunua London kwa muuzaji aliyemwambia kuwa ni Henderson ya mwaka 1912, pembe na fedha, yote ya asili. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, aliiweka juu ya meza, akasema: “Mwanangu, niambie ukweli, usinionee haya. Nishalipa.”

Nilianza na mbao. Mafundi wa zamani kabisa wa Uskoti walikereza miti ya kwao, ya matunda na mingineyo, kisha meli zikaleta miti mizito ya tropiki. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 mti uliopendwa ulikuwa kokasi kutoka Jamaika na Kuba, ambao rangi yake ni kahawia yenye michirizi ya njano, na ambao hugeuka karibu mweusi kwa jasho na mafuta ya miaka. Abunusi nayo ilitumika: nyeusi sare, laini machoni, lakini hupasuka upesi hewa inapobadilika. Kokasi ilipoadimika, mpingo ukachukua nafasi yake, na tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi leo huo ndio mti wa zumari za Uskoti. Mpingo huo hutoka kwetu, katika misitu ya miombo ya Lindi, Kilwa na Mtwara, na ng'ambo ya Ruvuma kaskazini mwa Msumbiji. Mara nyingi wauzaji wa Ulaya huuita abunusi katika matangazo yao. Tofauti ipo, nayo inaonekana.

Kuutambua mpingo nilijifunza kwa wachongaji wa Kimakonde pale Mwenge, Dar es Salaam, kabla sijajua kuwa iko zumari ya namna hii duniani. Pale kila mtu anajua hila ya kuuchukua mti mwepesi, kuupaka dawa ya viatu nyeusi na kumuuzia mtalii kwa bei ya mpingo. Dawa ya hila hiyo ni uzito, kitambaa cheupe na jicho. Mpingo mkavu huzama majini. Ukiushika mkononi unajua. Ukiufuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo mahali pasipoonekana, rangi ya kupaka hubaki kwenye kitambaa. Na ukiuelekeza kwenye jua, weusi wake si sare: ndani yake kuna kahawia iliyokolea na zambarau, ikitembea kwa mistari myembamba.

Kwenye zumari ya kale mahali pa kutazama ni chini ya uzi. Ncha za vipande vinavyoingiliana huzungushiwa uzi wa katani uliotiwa nta, ili hewa isivuje, na mbao iliyofichwa chini ya uzi huo haikupata jua wala jasho la mkono. Ukiufungua uzi unaona rangi halisi ya mti. Nimewahi kuona zumari nyeusi tititi kwa nje ambayo chini ya uzi ilikuwa kahawia kama tende, na hapo hapo umri wake ukarudi nyuma, kwa sababu kokasi haikutumika sana baada ya miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Katika zumari ya mzee wa Muscat, vipande vyote vilikuwa mpingo isipokuwa kimoja. Kipande cha juu cha bomba moja la kati kilikuwa abunusi, na kilikuwa na ufa mwembamba unaofuata urefu wa mbao, mfupi kuliko kidole.

Hatua ya pili ni kupima umbo. Mbao hainywei sawa kila upande inapokauka. Hunywea zaidi kwa kufuata duara la pete za ukuaji kuliko kuelekea kwenye kiini. Kipande kilichokerezwa kikiwa duara kamili, baada ya miaka themanini huwa kimebonyea kidogo na kuwa yai. Jicho halioni, lakini kalipa inaona: unapima kipenyo, unazungusha kipande robo, unapima tena, na vipimo viwili havilingani. Mtu anayeghushi zumari ya kale huweza kuipaka moshi, kuikwaruza na kuitia njano pembe za bandia, lakini hawezi kuiamuru mbao ikauke kwa miaka themanini. Zumari inayodaiwa kuwa ya mwaka 1890 ambayo kila kipande chake ni duara kamili inanitia shaka kabla sijafika kwenye jina. Ya mzee ilikuwa yai kila mahali, na kile kipande cha abunusi kilikuwa yai kuliko vyote.

Kisha ukerezaji, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Juu ya kila bomba la mvumo mafundi walichonga mikanda ya mistari myembamba iliyosimama karibu karibu, na kati ya mkanda na mkanda wakaacha kifundo cha mviringo kilichoinuka. Mistari hiyo ilichongwa kwa patasi yenye meno, na kila karakana ilitengeneza patasi zake. Kwa hiyo idadi ya mistari katika mkanda, kina chake, upana wa kifundo, na namna kifundo kinavyoshuka kuukuta mstari, ni alama za mkono ambazo haziwezi kufutwa bila kuikereza mbao upya. Mimi huchukua ukanda wa karatasi nyembamba, nauzungusha juu ya kipande, nausugua kwa penseli laini, na mistari yote hutokea kwenye karatasi. Nikiziweka karatasi za vipande vyote sambamba mezani, sihitaji kumsadiki mtu.

Karatasi za zumari ile zilisema hivi. Besi na bomba moja la kati vilikuwa na mikanda ya mistari yenye kina sawa, na kifundo kilichosimama wima kati ya mabega mawili bapa. Kwenye bomba la pili la kati, kipande cha chini kilifanana na hivyo kwa kila hali. Kipande chake cha juu, kile cha abunusi, kilikuwa na kifundo kipana zaidi kilicholala, na mistari miwili ya mwanzo ya kila mkanda ilikuwa na kina kidogo kuliko ile inayofuata, kana kwamba patasi iliingia ikiwa imeinamishwa. Mkono mwingine, patasi nyingine. Aliyekitengeneza alikuwa fundi mzuri, tena alijitahidi kulinganisha. Lakini hakuwa na patasi ya karakana ile.

Pembe zilichukua muda mrefu zaidi. Mahali ambapo mabomba yanapanuka huvishwa vikuku vilivyotokeza, na ncha za juu hufunikwa na kofia bapa zenye tundu, vyote vya pembe za ndovu, vya fedha, vya nikeli, au vya kitu cha kuiga pembe. Pembe za ndovu za kweli hujulikana kwa mistari ya Schreger: ukitazama sehemu iliyokatwa kukingama kwa kioo cha kukuzia, unaona mistari miwili miwili inayopishana na kuunda almasi ndogo ndogo. Seluloidi iliyoigiza pembe ina mistari sambamba tu, haipishani, na ukiisugua kwa kidole mpaka ipate joto hunuka kafuri. Baadhi ya plastiki za miaka ya 1930 hadi 1950 zilikuwa nyeupe zilipotoka karakana na leo zimegeuka rangi ya siagi iliyoungua, hata wapo wanunuzi wanaodhani rangi hiyo ndiyo uzee wa pembe. Watu hushauriana kuchoma kwa sindano ya moto ili kujua. Nawaomba wasifanye hivyo. Seluloidi hushika moto kwa ghafla, na pembe ya kweli hubaki na kovu milele.

Katika vyombo vya zamani vikuku vya pembe havikugandishwa kwa gundi. Vilikatwa hesi ndani yake, na mbao nayo ikakatwa hesi, vikakazwa. Hesi zilizokatwa kwa mkono haziko sawa kabisa, na kikuku cha bomba hili hakikai vizuri kwenye bomba lile. Kwenye zumari ya mzee, vikuku vyote vilikuwa pembe isipokuwa kimoja kwenye soketi ya bomba la kupulizia, ambacho kilikuwa cha rangi ile ya siagi iliyoungua na kilikuwa kimegandishwa. Soketi hiyo iko karibu na kinywa, hupata unyevu kuliko nyingine, na kikuku chake ndicho kinachogongwa mpigaji anapoiweka zumari chini. Sikushangaa.

Fedha ndiyo shahidi anayesema mwaka, mradi umuulize swali sahihi. Sheria ya Uingereza ilitaka vitu vya fedha vipimwe na kugongwa mihuri, na mihuri hiyo husomeka kwa kioo cha kukuzia na jedwali. Ngome yenye minara mitatu ni Edinburgh; mti wenye ndege, kengele na samaki ni Glasgow, ambayo ofisi yake ya kupimia ilifungwa mwaka 1964; nanga ni Birmingham. Kichwa cha mfalme au malkia pembeni mwa mihuri mingine ni alama ya ushuru uliokoma mwaka 1890, kwa hiyo kikiwapo, kwa kawaida fedha hiyo ni ya kabla ya hapo. Kwa Edinburgh, ua la mbaruti lilikuwa alama ya kiwango cha fedha hadi mwaka 1974. Halafu kuna herufi ya mwaka, ambayo kwa umbo lake na ngao inayoizunguka hukupa mwaka wenyewe.

Pete za fedha za zumari ile zilikuwa na ngome, mbaruti na herufi moja iliyochakaa kwa kusuguliwa na kitambaa cha kung'arishia. Hakukuwa na kichwa cha mfalme. Niliisoma herufi mchana kwenye mwanga wa dirisha, nikaisoma tena jioni kwa taa ya pembeni, na mara zote mbili jedwali lilinipeleka miaka ya 1930. Hilo halisemi kwamba mbao ni ya miaka ya 1930. Fedha ingeweza kuvishwa juu ya mbao ya zamani zaidi, kwa zawadi ya harusi au ya kustaafu. Jambo hilo lilikuwa la kawaida. Linachosema ni kwamba mwaka 1912 wa muuzaji haukutoka kwenye fedha, na kwa kuwa hakuna kitu kingine kwenye chombo kizima kinachotaja mwaka, ulitoka kinywani mwake.

Zipo aina nyingine mbili ambazo mnunuzi atakutana nazo, na nitazitaja kwa haraka. Ya kwanza ni zumari za jeshi, zenye alama ya mshale mpana wa serikali ya Uingereza na pengine namba ya kikosi; nyingi zilitengenezwa na mafundi wazuri kwa mapambo ya bei nafuu, na wapigaji wasiojali mapambo ya fedha hupata humo sauti nzuri kwa bei nzuri. Ya pili ni zumari za mapambo kutoka Sialkot, Pakistani. Sialkot ina karakana nyingi, na baadhi yake hutengeneza vyombo vya kupigika. Lakini zile zinazouzwa kama kumbukumbu kwa watalii hukerezwa kwa mti wa shisham, ambao ni wa jenasi moja na mpingo lakini ni mwepesi kuliko mpingo, kisha hutiwa rangi nyeusi. Mistari yake haina kina, na vipande haviingiliani kwa unyoofu. Uzito, kitambaa cheupe na kalipa vinatosha kuzimaliza.

Hadi hapa nimezungumzia utambulisho, na watu wengi huishia hapo, kana kwamba kujua fundi ni kujua ubora. Mimi naviona kuwa vitu viwili. Fundi mkubwa alikuwa na siku mbaya kama watu wengine, na chombo kilichotoka kwake kikiwa kizuri kinaweza kuharibiwa na mikono iliyofuata. Ubora wa bomba la mvumo umo ndani, kwenye tundu: upana wake, mahali linapobadilika, unyoofu wake, na ulaini wa ukuta wake. Naingiza taa ndogo upande mmoja na kutazama upande wa pili. Tundu zuri hung'aa duara kwa duara hadi mwisho. Tundu lililochokonolewa na mtu aliyetaka kuongeza sauti linaonyesha mikwaruzo ya kuzunguka na hatua pasipostahili kuwa na hatua, na uharibifu huo hauna dawa ya bei nafuu.

Uharibifu wa pili hutokana na ule upandaji wa sauti niliouelezea. Mabomba ya mvumo hupatanishwa na chanta: ya kati hulia oktava moja chini ya sauti yake ya msingi, besi oktava mbili. Chanta ikipanda, mabomba hayana budi kufupishwa, na kwenye chombo cha kale kipande cha juu hushuka hadi karibu kugusa cha chini. Kwa tete zinazofaa, yaani vibanzi vya ndani vinavyotetema na kutoa sauti, bado kuna nafasi. Lakini nimeona zumari ambazo ncha zake zilikatwa kwa msumeno ili kupata milimita chache zaidi, na mkato huo haujifichi, kwa sababu mistari ya kushikia uzi huishia ghafla bila ukingo. Mtu akikuuzia chombo cha kale, vua uzi utazame ncha kabla hujatazama muhuri.

Mwisho nilifunga tete na kuipiga. Zumari ya mzee, pamoja na kipande chake cha kuazima, ilikuwa na sauti ambayo sijaisikia mara nyingi: mabomba matatu yalipopatana, mvumo wa besi ulipanda chini ya chanta na kuibeba, na ukiupunguza mkandamizo wa mkono kidogo, sauti haikuyumba. Hiyo ndiyo sifa ambayo wapigaji hulipia. Zumari mbovu hupatana kwa dakika moja kisha kila bomba hushika njia yake, na mpigaji anashinda akinyoosha mkono begani kuyarudisha.

Ndipo nikatazama jina. Kwenye chanta, chini ya matundu, lilikuwepo P. HENDERSON na GLASGOW, herufi zilizozama sawasawa, kingo zake zimelainika kwa kushikwa, na ndani yake kuna uchafu wa miaka. Muhuri huo niliuamini. Kwenye mabomba hakukuwa na jina lolote. Ukerezaji wake ni wa Glasgow, hilo sina shaka nalo, lakini kati ya Henderson na Lawrie sikuona alama inayoweza kukata kesi.

“Kwa hiyo si Henderson?” mzee aliuliza.

“Mzee, chanta ni ya Henderson. Mabomba nitaandika ni kazi ya Glasgow, ya kati ya vita viwili vya dunia au kabla yake kidogo, na kipande kimoja si cha asili.”

Alifikiri kidogo, akauliza kama bei aliyolipa inafaa. Nilimwambia kwamba kwa jina alilipa zaidi, na kwa sauti hakulipa zaidi. Kama ni kurudishiwa sehemu ya pesa, ripoti yangu ingemtosha kwenda nayo kwa muuzaji.

Likabaki suala la pembe, ambalo kwa mtu anayevuka mipaka si dogo. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za ndovu upande huu wa Afrika, na huenda baadhi ya vikuku vinavyoonekana leo Glasgow vilipita katika maghala yake. Lakini sheria za sasa haziulizi njia, zinauliza umri na kiasi. Sheria ya Uingereza ya pembe, iliyotungwa mwaka 2018 na kuanza kutumika Juni 2022, inaruhusu kuuzwa kwa chombo cha muziki kilichotengenezwa kabla ya 1975 endapo pembe haifikii asilimia 20 ya ujazo wake wote, na endapo kimesajiliwa. Usajili wa chombo kimoja ni pauni 20. Kukitoa nje ya nchi ni jambo jingine, linalohitaji hati za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mzee alikuwa hajaambiwa lolote juu yake wakati wa kununua. Mpingo wenyewe uliingizwa kwenye orodha ya mkataba huo mwaka 2017 pamoja na jamaa zake wa jenasi ya Dalbergia, jambo lililowasumbua wanamuziki duniani kote, hadi vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipoondolewa kwenye masharti hayo mwaka 2019. Kwa hiyo mbao zake zingepita bila swali. Vikuku ndivyo vilivyosubiri karatasi.

Matengenezo niliyofanya ni machache. Ufa wa abunusi niliujaza na kuufunga kwa uzi mwembamba uliozamishwa chini ya uso wa mbao, kwa sababu ufa wa namna hiyo usipozuiwa hutembea. Kikuku cha rangi ya siagi nilikiacha, ingawa mzee alitaka kiondolewe. Kinashika vizuri, na mtu wa baadaye atakayeisoma zumari hii atahitaji kukiona mahali kilipo. Tundu sikuligusa. Chanta ya zamani tuliifuta, tukaitia mafuta kidogo na kuifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku lilelile, na yeye akanunua mpya inayoendana na bendi ya vijana anayoifundisha Muscat, ambao hawapigi chini ya 480.